Wimbo wa Chumba cha Kuchemshia

Mahabusu ya Wanawake
3 Machi

Wifi yangu mpenzi na mchokozi,

Hujambo wewe, na cherehani yako haijambo? Miguu imepungua kuvimba? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na meno yangu yote ninayo. Naanza na hayo kwa sababu umeshaiona anwani hapo juu, nami nakujua, umeshakaa kitako na kushika kifua. Inuka. Sijaumwa wala sijafa, nimefungwa tu.

Kabla sijaendelea, ujue kwamba barua zetu humu husomwa kwanza na askari. Basi namsalimu naye. Hujambo, Bwana Msomaji? Utuvumilie, sisi ni mawifi, tuna maneno mengi.

Sasa sikiliza. Pale hospitali, kwenye idara yetu ya kufulia, tuliletewa msimamizi mpya. Mashuka ya wodi ya magonjwa ya kuambukiza ni lazima yachemshwe, hata mtoto wa shule anajua. Yeye akataka tuyasuuze kwa maji baridi ili mafuta ya boila yapungue, kisha yapigwe pasi na kurudishwa wodini yakinukia vizuri. Nilikataa. Nikasema mbele ya kila mtu, na sauti yangu unaijua, "Mashuka haya afadhali yaungue kuliko mgonjwa ayalalie." Ndiyo, nilisema. Sikatai.

Wiki haikuisha, ghala la mashuka likashika moto mchana kweupe. Niliposikia kelele nilikimbia kutoka chumba cha kuchemshia, nikaingia kuokoa nilichoweza. Watu walipofika walinikuta humo, nimekumbatia mashuka, uso mweusi tii. Msimamizi akasema, si alitangaza mwenyewe kwamba yaungue? Akaongeza kwamba kile kikundi chetu cha sala cha wakati wa mapumziko kilikuwa kikiwasha mishumaa ghalani na kupanga njama dhidi yake. Mishumaa, wifi! Jua liko utosini! Halafu yupo shahidi aliyesema ameniona kwa macho yake nikiweka mshumaa chini ya mashuka. Kikundi kimepigwa marufuku, na wenzangu wawili wamehamishiwa kwenye usafi wa vyoo.

Hata hivyo nina ya kushukuru. Hakuna mtu aliyeungua. Nimepata sehemu ya kulala karibu na dirisha. Na wanawake wa humu ni wakarimu, aliyekuwa na blanketi kubwa amenigawia upande.

Binti yetu ni mzima. Kazi yake ya kusukuma kigari cha nguo pale pale hospitali bado anayo. Usimsumbue kwa maswali, ana mawazo mengi.

Ni mimi, mjane wa kaka yako,
Wifi yako

*

Nyumbani
21 Machi

Wewe mwanamke,

Salamu zako nimezipata, na kifua nilikishika kweli. Miguu bado inavimba, cherehani bado inakoroma kama marehemu kaka yangu, kuku wawili wamekufa, jirani ameezeka upya. Hizo ndizo habari za huku. Sasa nipumue.

Siku unaolewa nilimwambia kaka yangu kwamba sauti yako itakuletea balaa. Wewe ukiongea mtaa mzima umearifiwa. Ukiimba ndiyo usiseme, nakumbuka ile asubuhi ya kwanza ulipofua nguo nyumbani kwetu huku ukiimba wimbo wako wa kanisani, marehemu baba akatoka nje kuuliza ni mbuzi gani amenaswa. Kaka akasema, "Mzee, huyo ni mke wangu." Alikupenda hivyo hivyo, Mungu amrehemu, na mimi nikakuzoea. Lakini mbona wakati wa moto hukuwa unaimba watu wakakusikia? Siku moja tu sauti hiyo ingefaa kitu.

Huyo shahidi mwenye macho makali ni nani? Nitajie tu. Sitamfanya kitu, nitamshonea suruali ambayo akikaa itachanika mbele za watu.

Na binti yangu? Nakuuliza wewe kwa sababu nikimpigia simu anasema yuko kazini, anakata. Niliwapa wewe na kaka mlee tangu alipokuwa na sanduku la shule linalomzidi ukubwa, kwa kuwa ninyi hamkujaliwa wa kwenu, na sikuwahi kujuta hata siku moja. Ila adabu ya kusema asante umemfundisha? Nilimtumia gauni la kijani la marinda kwa ajili ya sherehe ya rafiki yake. Gauni lile limenitoa jasho, wifi, kila rinda limekaa kwa mwenzake kama kurasa. Kimya mpaka leo. Lilimkaa vizuri?

Nakutumia sabuni miche miwili. Bwana Msomaji, nimesema miwili. Mmoja ukipotea njiani nitajua ulipo.

Mimi si mtu wa kusali, unajua. Lakini juzi nilijaribu kwa ajili yako. Nilikwama palepale mwanzo, sikujua kama naanza na salamu au naingia kwenye jambo. Kwa hiyo nikamwambia tu kwamba wewe ni wifi yangu na sina mwingine.

Wifi yako

*

Mahabusu ya Wanawake
10 Aprili

Wifi yangu,

Nakusalimu mara nyingi kuliko wino nilioupata. Pole kwa kuku. Miche yote miwili ya sabuni imefika, tena imefungwa upya vizuri kuliko ulivyofunga wewe, kwa hiyo mwombe Bwana Msomaji radhi. Chumba kizima kinanukia. Tumefua kila kitu tulichonacho, tukabaki tumekaa tumejifunika blanketi kungoja vikauke, tunachekana.

Hiyo sala yako imefika pia. Haikukosewa popote. Niliisoma nikageukia ukutani kidogo.

Jioni wenzangu wananitaka hadithi, nami sina hadithi nyingine zaidi ya zile za Maandiko. Basi nimewapa za waliosingiziwa, maana humu wasikilizaji wake ni wengi. Niliwapa ya Danieli, aliyechunguzwa kazini mpaka wachunguzi wakachoka, wasione kosa ila kwamba anasali. Niliwapa ya Stefano, aliyesema neno moja, mashahidi wakalipindua likawa jingine. Hapo nilijikumbuka na mashuka yangu. Niliwapa ya Nabothi, aliyekalishwa mbele ya watu na kusemewa uongo na wawili, kisa shamba lake lilipendwa na mkubwa. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akiuza samaki akakasirika kabisa. Akauliza, "Kwani huyo Nabothi hakuwa na wifi wa kumsemea?" Nikamwambia huenda hakuwa. Akasema, "Basi ndiyo maana."

Ya Yusufu ndiyo wanayoirudia. Anasingiziwa kwa nguo, mara mbili, maskini. Kwanza kanzu yake inapelekwa kwa baba yake ili isemwe kwamba kaliwa na mnyama. Halafu vazi lake linabaki mkononi mwa mke wa tajiri, linakuwa shahidi wa jambo ambalo halikutokea. Nimewaza sana juu ya hizo nguo.

Umeniuliza kuhusu kuimba. Nilikuwa naimba, wifi. Mle chumba cha kuchemshia, kwenye boila, ndimo ninamoimba, kwani mashine inanguruma na nadhani hanisikii mtu. Nyuma ya ukuta yupo mpiga pasi mkuu, tunamwita Bwana Pasi. Huyo hataki dini yoyote karibu yake, na ndiye aliyekwenda kwa msimamizi zaidi ya mara moja kuomba sala zetu zifungiwe. Sitegemei kitu kwake.

Kuhusu shahidi, nisamehe. Simtaji. Namjua, lakini simtaji. Wewe niombee tu awe anakula na kulala.

Binti yetu alikuja kuniona. Wavu ulikuwa katikati yetu. Amekonda kidogo, lakini ni mzima.

Nashukuru kwa yote,
Wifi yako

*

Nyumbani
4 Mei

Wifi,

Salamu. Huku wazima wote. Nimechelewa kujibu, na safari hii sina cha kusingizia, posta haikuwa na kosa. Nilikuwa nasoma.

Nilimwazima jirani Biblia yake. Alinitazama kama nimeomba figo. Nikatafuta kisa cha huyo Yusufu wako nikakisoma mpaka mwisho, kwa kuwa ulisema umewaza sana juu ya nguo zake, na wewe tangu nikujue hujawahi kuwaza juu ya nguo isipokuwa kama imechemka. Kijana mwenyewe alikuwa na kiherehere na ndoto zake, nisikufiche. Lakini yametendeka mengi mle ndani. Nitakuja kuyasema.

Mimi ni fundi. Mshono ulioruka nauona hata kama taa imezimika. Katika barua yangu nilikuuliza mambo, ukajibu ya kuku, ukajibu ya sabuni, ukajibu ya kuimba. La shahidi ulisema hulijibu. La gauni hukusema kwamba hulijibu, ulilipita tu kama mtu apitaye mlango wa anayemdai.

Nikampigia binti simu, nikambana. Nikamwuliza, gauni je? Akasema, "Lilinikaa vizuri mama, nililivaa kwenye sherehe, watu walilisifu." Wifi, ile sherehe iliahirishwa. Mama yake huyo rafiki ni mteja wangu, aliniambia mwenyewe.

Kitambaa kile hakitaki mchezo. Pasi ndogo ya nyumbani inakiacha kimesinyaa. Nilimwandikia kwenye kikaratasi nikakibandika kolani, "Marinda haya yanataka pasi nzito na meza ndefu." Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Meza ndefu na pasi nzito. Wewe unajua zilipo.

Sitaandika zaidi. Bwana Msomaji, tunazungumza mitindo hapa, usijichoshe.

Wifi, nimeacha kazi zangu zote. Wateja wamekuja nimewaambia naumwa. Kweli naumwa. Nakuomba neno moja tu juu ya gauni hilo. Nilifumue au niliache?

Ni mimi

*

Mahabusu ya Wanawake
17 Mei

Wifi yangu,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umekula. Kama hujala, weka barua chini ule kwanza.

Neno ulilotaka ni hili. Liache.

Mimi ni mtu mzima, mume wangu yuko kwa Mungu, na humu nimezoea. Kuna sabuni, kuna hadithi, kuna dirisha. Gauni ni jipya, lina miaka mingi ya kuvaliwa mbele yake. Usilifumue.

Nakushukuru kwa kumsoma Yusufu.

Wifi yako

20 Mei. Barua hiyo nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena.

Jana tulipelekwa mahakamani. Bwana Pasi aliitwa, nami nikainamisha kichwa, nikijua anakuja kunimaliza. Hakimu akamwuliza kama ananifahamu. Akasema, "Namfahamu kuliko ninavyotaka." Akaulizwa nilikuwa wapi moto ulipoanza. Wifi, kama ungekuwepo! Alisema, "Alikuwa chumba cha kuchemshia, anaimba. Mheshimiwa, sauti ya huyu mama haifanani na ya kiumbe chochote. Ukuta ni wa matofali na bado inapita. Mimi imani yake siitaki, na wimbo wake siutaki zaidi. Lakini siku ile aliimba beti zote, akaurudia, na aliponyamaza ndipo nikasikia watu wanapiga kelele za moto. Nasikitika kusema kwamba kabla sijazisikia, nilishukuru." Watu walicheka hadi hakimu akagonga meza. Mimi nililia. Yule niliyemwona adui ndiye aliyesimama peke yake kunisemea, na hakuna aliyemlazimisha.

Halafu mambo yakageuka. Wakasema kama si mshumaa, basi ni nini? Wakaleta pasi iliyookotwa kwenye majivu. Pasi zote ziko chini ya mkono wa Bwana Pasi, hata ile ya akiba iliyokuwa ghalani. Msimamizi akasimama akasema sasa mambo yamekuwa wazi, wawili hawa walikuwa pamoja. Wakamtia pingu palepale. Ana mke na watoto wadogo, wifi. Alipopita mbele yangu aliniambia, "Angalia sasa ulivyonifundisha kusema kweli."

Sikulala. Nilidhani namfunika mtoto kwa shuka langu, kumbe navuta na la mwenzangu. Kunyamaza juu yangu mwenyewe nilikuwa na haki. Kunyamaza juu ya Bwana Pasi ni kumfanyia yeye kile nilichofanyiwa mimi.

Nikiitwa tena nitasema. Naomba ruhusa yako. Na kama huwezi kunipa, naomba unisamehe kabla, kwa sababu nitasema hata hivyo, na sijui kama baadaye utaniita wifi.

*

Nyumbani kwako, kwenye meza yako ya chakula
6 Juni

Wifi yangu,

Salamu. Mguu mmoja wa meza hii unacheza, kaka alikuahidi kuutengeneza tangu lini? Nimeweka kipande cha kitambaa chini yake, sasa imetulia. Maua yako yanamwagiliwa.

Ndiyo, nimekuja. Miguu imevimba kama mito ya kulalia lakini imenifikisha.

Bwana Msomaji, leo soma hata kwa sauti. Mwite na mkubwa wako akitaka.

Nilimkuta binti jikoni kwako, amekaa gizani, hajawasha hata taa. Sikumpigia kelele. Nilikuwa nimeziandaa njiani kote, lakini nilipomwona zikaniishia. Nikamwambia tu, "Lete gauni." Akaingia chumbani, akakaa huko, akarudi na mfuko wa plastiki. Upande mmoja wa gauni umeungua, kuanzia pindo hadi kiunoni. Kile kikaratasi changu bado kiko kolani.

Alilitandaza kwenye meza ya kukunjia mle ghalani, akachukua pasi ya akiba. Katikati ya kazi akaitwa apeleke kigari wodini. Pasi akaiacha kifudifudi. Aliporudi moshi umejaa, akalinyakua gauni, akakutana na wewe mlangoni. Anasema ulimwona nalo mkononi. Anasema hukumwuliza kitu, ulimsukuma nje kwenye hewa, ukaingia wewe. Siku iliyofuata msimamizi akamwita ofisini. Alishajua habari ya pasi. Akamwambia, "Wewe sema mshumaa, na mimi nitaisahau pasi." Akamfundisha hadi maneno. Mtoto akaogopa, akasema.

Alinisimulia hayo akitazama sakafu. Nikamwuliza, na mke wa mjomba wako ulipokwenda kumwona, alikwambia nini? Akasema, "Aliniambia nile." Hapo mimi na yeye tukalia mpaka jirani akagonga mlango.

Sasa nikwambie ya Yusufu niliyokuahidi. Nilisoma yote kwa macho makavu. Walipomtupa shimoni, walipomfunga, macho makavu. Nilipofika mwishoni, wale ndugu zake wamesimama mbele yake na yeye ana uwezo wa kuwafanya lolote, kitu cha kwanza anachofanya ni kuwatoa watu wote nje. Ndipo anawaambia yeye ni nani. Hakutaka mtu wa nje asikie kosa la ndugu zake. Nikaweka kitabu mapajani. Nikasema, ndiye wifi yangu huyu. Yeye hakuweza kumtoa nje askari anayesoma barua zake, basi akaamua kukaa kimya.

Ruhusa usiniombe tena, maana ninaona aibu. Mimi ndiye mama yake. Huyu mtoto tumemlea wawili, lakini kumpeleka mahali pagumu ni kazi yangu. Kesho asubuhi tunakwenda wote wawili kusema. Sikumburuta. Nilimwambia kwamba Bwana Pasi ana watoto wadogo, akaniuliza kama nitakaa naye kwenye benchi. Nimemwambia nitakaa.

Naogopa, wifi. Ni mmoja tu niliye naye. Lakini naogopa pia kuwa na binti anayekaa gizani.

Na nakushukuru. Sijui kusema zaidi, neno lenyewe ni dogo. Umemtunza mwanangu hata mahali ambapo alikuwa anakuumiza wewe.

Nitakuita wifi mpaka mmoja wetu azikwe, na nikitangulia mimi, tafadhali usiimbe.

Wifi yako

*

Nyumbani
19 Agosti

Wifi yangu mpenzi na mchokozi,

Natumaini ulifika salama na umekuta kuku waliobaki ni wazima. Tangu uondoke nyumba imepwaya. Meza haichezi tena, kila nikila nakukumbuka. Mimi ni mzima, nimenenepa, nguo zangu zinahitaji fundi.

Mimi na Bwana Pasi tumerudishwa kazini tangu tulipoachiwa. Wa ajabu ni Bwana Pasi. Siku ya kwanza alinikuta kwenye boila nimekaa kimya. Akasimama mlangoni, akauliza, "Mbona huimbi?" Nikamwambia namhurumia. Akasema, "Imba tu. Nikifanya kazi kwenye ukimya naona kama kuna kitu kitaungua." Kikundi chetu kimerudi, tunasali wakati wa mapumziko kama zamani. Yeye haingii. Lakini amekuwa akikaa karibu na mlango na sahani yake ya chakula, na mtu akipita kwa kelele anamwambia anyamaze, watu wanasali. Msimamizi ameondolewa. Mashuka yanachemshwa. Nachemsha huku nashukuru, mvuke umejaa machoni.

Sikuwahi kukusimulia siku niliyotoka. Bwana Msomaji ndiye aliyeniletea vitu vyangu. Ni mtu mfupi, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaniambia, "Mama, ile barua ya marinda ilinisumbua, nikamwuliza mke wangu marinda ni nini. Ni fundi cherehani. Aliponieleza nikaelewa yote." Nikashtuka, nikamwuliza mbona hakusema kwa wakubwa wake. Akasema, "Kazi yangu ni kutafuta kwenye barua kama kuna mtu anapanga kukimbia. Nilisoma zenu zote. Sikuona anayekimbia." Kisha akaniuliza kama miguu yako imepungua kuvimba. Nimemwambia nitakufikishia salamu.

Sasa kuhusu binti yetu, najua ndiyo uliyokuwa unaitafuta tangu mstari wa kwanza.

Ni mzima, na safari hii nasema kweli kabisa. Kifungo chake cha miezi mitatu kinakwenda. Hakimu alimpunguzia kwa kuwa alikuja mwenyewe na mama yake ubavuni. Kwa kuwa kifungo ni kifupi hawakumhamisha, yumo kwenye chumba kilekile nilichokuwamo, na yule muuza samaki amemchukua kama mwanawe. Anampa sehemu ya karibu na dirisha. Kila Jumapili nakwenda kumwona.

Jumapili iliyopita tulifika tukakuta kutembelea kumefungwa, wanapaka rangi. Nasema tulifika kwa sababu Bwana Pasi alinisindikiza, ati ana shughuli upande ule. Nilikuwa nimebeba sabuni ya binti na sikuwa na jinsi ya kumjulisha kwamba nimekuja. Nikawaza, atakaa anangoja, ataona hakuna mtu, atadhani nimechoka naye. Mimi nilikuwa nimekaa upande ule wa ukuta, najua Jumapili inavyokuwa mtu asipokuja. Basi nikazunguka nyuma, penye mfereji, chini ya lile dirisha. Nikaweka kikapu chini. Nikaimba wimbo wangu wa boila, beti zote. Bwana Pasi alikwenda akasimama mbali sana, kama mtu asiyenijua, lakini hakuondoka.

Leo nimemwona binti. Rangi imekauka, wavu umefunguliwa. Nikamwuliza kama siku ile alinisikia.

Akacheka, wifi. Tangu moto ule sijamsikia akicheka. Akasema wote walinyanyuka kwenye mikeka kuuliza ni mnyama gani analia nje. Wengine walikwenda mlangoni kumwita askari.

Akasema, "Nikawaambia wakae. Nikawaambia, huyo ni wa kwetu."

Wifi yako